Maisha ya Bibi Cicely Williams, Daktari wa Watoto

Kila mchungaji na kila mwalimu wa kijijini amepata kusimama penye kaburi fupi. Tukiwauliza wazazi mtoto amekufa kwa nini, twajibiwa neno moja tu: surua, au kuhara, au kichomi. Twaliandika neno hilo katika kitabu cha mazishi, kisha twarudi nyumbani. Mwezi huu twataka kuwapa habari za mwanamke mmoja aliyekataa kuridhika na neno moja. Yeye aliuliza mtoto alikuwa akila nini kabla hajaugua, aliachishwa ziwa lini, na ni nani aliyezaliwa nyuma yake. Kwa maswali hayo madogo, yanayoweza kuulizwa hata na mtu asiye daktari, alifumbua macho ya waganga wa nchi nyingi. Jina lake ni Cicely Delphine Williams.

Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1893 katika kisiwa cha Jamaica, mbali magharibi, katika bahari ya nchi za Amerika. Jamaa zake walikuwa Waingereza waliokaa kisiwani kwa vizazi vingi, na baba yake alikuwa mkuu wa mambo ya elimu katika kisiwa kile. Huhadithiwa kwamba Cicely alipokuwa mtoto wa miaka tisa, baba yake alimwambia kwamba yafaa asomee udaktari, maana haelekei kupata mume. Hatujui kama mzee yule alisema kwa mzaha au kwa kweli, ila neno lake lilishika mizizi. Binti hakuolewa, akawa daktari, na watoto aliowalea walikuwa wa watu wengine.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alipelekwa Uingereza kusoma. Baadaye alipata nafasi katika chuo cha Somerville huko Oxford, lakini hakuingia mara ile, kwa sababu kisiwa chao kilikuwa kimepigwa na matetemeko ya nchi na tufani, akaona imempasa kurudi awasaidie wazazi wake. Alikaa nao hata baba yake alipofariki mwaka 1916. Ndipo akarudi Oxford, na umri wake ulikuwa yapata miaka ishirini na mitatu. Siku zile vita vikuu vya kwanza vilikuwa vikiwamaliza vijana wa Ulaya, na waganga wanaume walikuwa wamepungua. Kwa hiyo mlango uliokuwa karibu kufungwa mbele ya wanawake ukafunguliwa kidogo, naye Cicely akapita. Alihitimu udaktari mwaka 1923.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa London, katika hospitali za watoto wa maskini. Huko alijifunza jambo ambalo hakuliacha maisha yake yote, yaani daktari hawezi kumjua mtoto mgonjwa asipoijua nyumba yake. Mtoto hulazwa, hulishwa, hupona, huondoka akicheka. Baada ya mwezi mmoja amerudishwa kwa ugonjwa ule ule. Hapo kosa si la dawa. Kosa li katika nyumba, katika mfuko wa baba, katika chungu cha mama, au katika maneno mabaya ambayo mama ameambiwa na watu.

Alitaka kufanya kazi katika nchi za joto, kama ile aliyozaliwa. Hakupata kazi upesi, kwa kuwa ni mwanamke, na wanawake katika kazi ya serikali waliwekwa chini ya wanaume na kulipwa mshahara mdogo kuliko wao. Hata mwaka 1929 akapelekwa Pwani ya Dhahabu, katika Afrika ya magharibi, nchi ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Baada ya muda akawekwa katika hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise, mjini Accra, iliyofunguliwa mwaka 1926.

Basi, katika hospitali ile aliletewa watoto wa namna moja, tena wengi. Walikuwa wa umri wa mwaka mmoja hata minne. Miguu na mikono ilikuwa imevimba, na uso umejaa, hata mtu asiyejua angedhani mtoto amenenepa. Ngozi yao ilifanya mabaka meusi, kisha ikabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua moto. Walihara. Midomo ilikuwa na vidonda. Hawakutaka kucheza wala kuchekeshwa. Walikaa wakinung'unika, na chakula kikiletwa waligeuza uso. Wengi wao walikufa.

Waganga wengi wa Kizungu waliokuwa wakiona watoto wa namna hii waliupa ugonjwa jina walilolijua tayari, yaani pelagra, ambayo ni ugonjwa wa ngozi na tumbo unaowapata watu wanaokula mahindi tu. Bibi Cicely hakukubali. Aliona kwamba mabaka ya pelagra hutokea mahali panapopigwa na jua, na ya watoto hawa hayakufuata desturi hiyo. Akaona pia kwamba dawa za pelagra hazikuwaponya. Tena aliipasua miili ya waliokufa kwa mikono yake mwenyewe, bila mipira ya kuvaa mikononi, hata mara moja akajikata na kupatwa na ugonjwa mkali. Ndani ya watoto wale alikuta ini limejaa mafuta.

Kisha akafanya neno ambalo wakubwa wake hawakuliwaza. Aliwauliza wanawake wa Accra wao wenyewe huuitaje ugonjwa huu. Wakamjibu kwa lugha yao, lugha ya Waga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wa kwanza wakati wa pili anapozaliwa, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake. Tazameni, ndugu zetu, jinsi jibu lote lilivyokuwa ndani ya jina. Mama hushika mimba nyingine; mtoto aliye mgongoni huachishwa ziwa kwa ghafula; hupewa uji mwepesi na vyakula vya mahindi yaliyochachishwa, ambavyo hujaza tumbo lakini havijengi mwili. Maziwa yamekwisha, na badala yake hakuna yai, wala samaki, wala kunde. Mwili hauoni cha kujijengea, nao huanza kubomoka.

Mwaka 1933 Bibi Cicely aliandika habari za ugonjwa huo katika gazeti la waganga wa watoto la Uingereza, akasema kwamba ni ugonjwa utokanao na chakula, na kwamba huenda chakula hicho kimepungukiwa na kitu cha kujenga mwili, ambacho siku hizi twakiita protini. Wakubwa kadhaa wa elimu ile walimpinga, wakashikilia kwamba ni pelagra tu. Mwaka 1935 akaandika tena, katika gazeti maarufu la waganga liitwalo Lancet, na mara hii akaweka jina la wanawake wa Accra juu ya habari yake. Hivyo neno la akina mama wa Kiafrika, ambao wengi wao hawakujua kusoma, likaingia katika vitabu vya elimu ya dunia nzima, nalo limo hata leo. Kwa Kiswahili tumezoea kuuita ugonjwa huu unyafuzi au kwashakoo.

Yafaa tukumbuke kwamba huku kwetu pia watu walikuwa wameuona. Katika nchi ya Buganda uliitwa obwosi, nao walisema ndio ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake ameshika mimba nyingine. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na baadaye katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alihangaika miaka mingi na watoto wa namna ile ile, na mwaka 1954 yeye na wenziwe wawili wakatoa kitabu kikubwa juu ya kwashiorkor. Na katika nchi yetu ni nani asiyelijua neno kubemenda? Mtoto akidhoofika, wasemaji husema amebemendwa. Wazazi wake hawakungoja. Katika neno hilo iko chembe ya kweli, maana mimba zikifuatana mno mtoto wa kwanza huumia. Lakini imo sumu pia. Mama akisikia aibu humficha mtoto ndani, haendi naye kliniki, hata siku ya kumtoa ni siku ya kumzika. Bibi Cicely alilipokea jina la wanawake pasipo kuwaaibisha, akatafuta ndani yake kinachofaa kwa kuponya. Huu ni mfano wa kufuatwa na kila mwalimu.

Katika kazi yake mjini Accra hakupatana na mkuu wake, na mwaka 1936 akahamishwa kwenda Malaya, upande wa mashariki wa Asia. Kwa macho ya watu ilikuwa kama adhabu. Huko alifundisha waganga vijana mjini Singapore, na huko aliona adui mwingine. Wenye viwanda walikuwa wakieneza kwa akina mama maziwa ya kopo yenye sukari nyingi, wakisema yanamfaa mtoto mchanga. Mama maskini aliyekuwa na maziwa yake mwenyewe kifuani aliyaacha yakauke, akanunua kopo, akayachanganya na maji yasiyo safi ili yatoshe siku nyingi. Watoto wakahara, wengine wakapofuka macho kwa kukosa vitamini A, na wengi wakafa. Mwaka 1939 Bibi Cicely alialikwa kusema mbele ya mkutano wa waungwana wa mji ule, wafanya biashara wakiwamo. Akaipa hotuba yake jina la Maziwa na Mauaji, akawaambia waziwazi kwamba kuwadanganya akina mama namna hiyo kwastahili kuhesabiwa kuwa uuaji. Fikirini ushujaa wa mwanamke mmoja, mtumishi wa serikali, kunena hivyo mbele ya watu wa namna hiyo.

Vita vya pili vilipofika Malaya mwishoni mwa mwaka 1941 alikuwa katika jimbo la Trengganu. Akakimbilia Singapore, lakini mji ule nao ukaanguka mikononi mwa Wajapani mwezi wa Februari 1942. Akatiwa katika gereza la Changi pamoja na wanawake na watoto wengi, na baadaye wanawake walimchagua awe mkuu wao. Kwa muda wa kama miezi sita aliondolewa gerezani, akawekwa katika vyumba vya polisi wa kijeshi wa Kijapani, mahali pa mateso, ambapo watu walikufa mbele ya macho yake. Chakula kilikuwa haba, na wali uliokobolewa sana ukampatia beriberi, ambayo ni ugonjwa wa kukosa vitamini. Miguu yake ikafa ganzi, na ganzi hiyo haikumtoka kabisa maisha yake yote. Basi, yeye aliyeandika habari za njaa ya watoto aliijua njaa katika mwili wake mwenyewe. Wahenga wetu walisema njaa mwana malegeza, naye alilegezwa kweli kweli, ila hakuvunjika.

Katika mateso yale liko jambo moja alilolitaja baadaye mara nyingi. Watoto ishirini walizaliwa katika kambi ile ya wafungwa. Wote ishirini walinyonya maziwa ya mama zao. Na wote ishirini wakaishi. Mama zao walikuwa na njaa, hapakuwa na dawa za kutosha wala kopo la kununua, na maradhi yalikuwa kila upande. Hata hivyo maziwa ya mama yalitosha kuwavusha. Wala si chakula tu kilichomo katika maziwa hayo. Imo pia kinga, kwa maana mwili wa mama humpa mtoto sehemu ya silaha zake, hata atakapoweza kutengeneza zake mwenyewe.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alitoka kifungoni mgonjwa sana, lakini hakustarehe. Mwaka 1948, Shirika la Afya la mataifa yote lilipoanzishwa huko Geneva, yeye alikuwa wa kwanza kuwekwa juu ya kazi ya afya ya mama na mtoto. Baadaye alitumika India, akarudi kwao Jamaica kwa uchunguzi, akafundisha London, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 akafundisha Beirut. Kila mahali neno lake lilikuwa moja: kuzuia ugonjwa na kuponya ugonjwa ni kazi moja, wala isigawanywe, na mahali pa kuianzia ni nyumbani kwa mtoto.

Hapa twataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. Watu waliofuata nyayo zake waliuliza hivi: mbona surua, ambayo mtoto aliyeshiba huugua siku chache akainuka, humwua mtoto mwenye njaa? Na mbona watoto wengi walioponea surua huingia katika unyafuzi baada ya majuma machache? Daktari David Morley, aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile huko Nigeria, aliona jinsi surua ilivyofagia watoto waliodhoofika, akatengeneza kadi yenye mstari wa uzito, ili mama aone kwa macho yake kama mtoto anapanda au anashuka. Kadi ya kliniki ambayo akina mama wetu huitunza ndani ya kitambaa ni ya ukoo huo. Mwaka 1968 Scrimshaw, Taylor na Gordon walitoa kitabu kupitia Shirika la Afya, wakakusanya ushahidi wa nchi nyingi kwamba njaa na ugonjwa hushikana mikono. Njaa hufungua mlango, ugonjwa huingia. Ugonjwa ukiisha kuingia hukomba akiba ya mwili na kuondoa hamu ya chakula, na mlango huzidi kuwa wazi.

Twaweza kulieleza hivi. Mwili ni kama mji wenye boma na askari. Boma ni ngozi, na utando laini ulio ndani ya kinywa, kifua na matumbo. Askari wamo katika damu. Nyuma ya mfupa wa kifua iko tezi ndogo, iitwayo thaimasi, ambayo ni kama chuo cha kufundishia askari wa namna moja walio muhimu sana, na kazi yake ni kubwa hasa wakati wa utoto. Mtoto asipopata chakula cha kujenga mwili, boma huwa jembamba na kutoboka, askari hupungua, na tezi ile husinyaa. Mtoto aweza kuwa na uso mnene kwa uvimbe, na ndani yake hakuna walinzi. Adui akija, hata homa haipandi sana, kwa kuwa hakuna nguvu ya kupigana. Na wazazi hudhani ugonjwa ni mdogo, kumbe mtoto anakwisha. Kwa sababu hii Shirika la Afya husema kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto wasiotimiza miaka mitano duniani vimefungamana na utapiamlo, ijapokuwa katika kitabu cha mazishi huandikwa neno lingine.

Na chanjo je? Hili huulizwa mara kwa mara. Chanjo ni kuwaonyesha askari wa mwili sura ya adui kabla hajaja, ili siku ya vita wamtambue. Sasa, kama askari ni wachache na wamelegea, watajifunza? Wenye elimu wamelichunguza jambo hili miaka mingi, na jibu halifanani kwa kila chanjo. Kwa chanjo nyingi za sindano, ya surua ikiwamo, mtoto aliyekonda kwa kadiri hujifunza vya kutosha, ila aliyedhoofika mno huweza kupata kinga haba au kuchelewa kuipata. Mtoto aliyechanjwa chanjo ya kifua kikuu, akipimwa katika ngozi hali ana njaa kali, huenda alama isitokee. Akiisha kulishwa, mwili huamka na alama huonekana. Chanjo za matone ya kinywani, kama za polio, zimeonekana kuwa na nguvu pungufu katika nchi maskini kuliko katika nchi tajiri, na moja ya sababu zinazodhaniwa ni matumbo yaliyochakaa kwa uchafu na kuhara kwa mara nyingi.

Lakini mtu asipotoshe maneno haya. Wako wasemao mtoto wangu ni dhaifu, asichanjwe mpaka apate nguvu. Huo ni upotovu wa kuua. Mtoto dhaifu ndiye ambaye surua itamwua, basi yeye ndiye wa kupelekwa kwanza. Waganga wa siku hizi wameagizwa kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyetimiza miezi sita na hajachanjwa, achanjwe surua akiwa hospitalini, kisha achanjwe tena baadaye. Wako na wengine wasemao mtoto wangu amechanjwa zote, kadi imejaa, sina hofu. Na jioni humpa uji wa unga mtupu. Huyo naye amekosa. Sindano hufundisha askari, lakini haiwalishi. Chakula na chanjo ni kama makasia mawili ya mtumbwi mmoja; ukipiga upande mmoja tu utazunguka mahali pale pale.

Yatupasa tuseme pia kwamba elimu haikusimama pale alipoifikisha Bibi Cicely. Siku hizi inajulikana kwamba upungufu wa protini peke yake hautoshi kueleza unyafuzi. Wako mapacha wanaolala nyumba moja na kula chungu kimoja, mmoja akavimba na mwenziwe asivimbe. Na waliochunguza mapacha wa namna hiyo huko Malawi wameona kwamba vijidudu vinavyokaa ndani ya matumbo vina sehemu yao katika jambo hili. Hii haimpunguzii heshima, maana tangu mwanzo yeye alikataa kusema kwamba amejua yote.

Bibi Cicely Williams aliishi miaka mingi. Alifariki huko Oxford tarehe 13 Julai 1992, akiwa na umri wa miaka 98. Hospitali ile ya Accra ingali ikipokea watoto hata leo. Hakuacha mtoto wa tumbo lake wala mali nyingi, lakini katika kila kliniki ambapo mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, na mama yake huulizwa juu ya chakula katika siku ile moja, iko kazi ya mikono yake.

Sasa, enyi walimu wa vijijini, ninyi huingia katika nyumba ambazo daktari haingii. Mkiingia, ulizeni kama alivyouliza yeye. Kwanza, mtoto mdogo akizaliwa, msimtazame yeye tu. Mtazameni yule aliyemtangulia, aliyekaa pembeni karibu na mlango. Je, anacheza? Miguu yake ikibonyezwa kwa kidole hubaki shimo? Nywele zake zimekuwa nyekundu na kunyonyoka? Huyo ndiye aliyeondolewa mahali pake. Pili, tazameni chungu. Ndizi, muhogo na mahindi ni vyema, lakini peke yake havimjengi mtoto. Na viongezwe maharage, au dagaa, au karanga zilizotwangwa, au yai, au maziwa. Twajua desturi ya kwetu kwamba nyama na yai huwekwa mbele ya baba. Baba aliyekomaa atavumilia siku moja bila yai. Mtoto wa miaka miwili hawezi. Tatu, ombeni kadi, msome tarehe zilizoandikwa, na palipo na nafasi tupu msindikizeni mama mpaka kliniki. Nne, msimtahayarishe mama kwa neno la kubemenda. Mwambieni kwamba ugonjwa huu una jina, una sababu, na hutibika ukiwahiwa.

Tena mtakapokuja kutupasha habari za msiba wa mtoto, msituletee neno moja. Tuambieni surua ilimkuta katika hali gani. Tukiisha kujua, pengine ndugu yake mdogo hatutamzika.